Milingoti Miwili ya Sirari

Barabara itokayo Musoma na Tarime huingia Kenya pale Sirari, na ng'ambo ya pili ni Isebania. Bendera za mataifa mawili hupepea jirani, huku Wakurya wa upande huu wakiwa na wajomba na mashemeji upande wa pili. Msiba wa ukoo hauulizi pasipoti. Msiba wa taifa huuliza, kwa sababu bendera haipepei nusu mlingoti mpaka mwenye mamlaka aagize, na amri ya rais hukoma mpakani.

Oktoba 2025, alipofariki mwanasiasa wa Kenya Raila Odinga, Rais William Ruto alitangaza siku saba za maombolezo. Agizo hilo liliwahusu wa Isebania; Sirari haikubanwa nalo, ijapokuwa Raila alipendwa na wengi katika Mkoa wa Mara.

Machi 2021 ilikuwa vingine. Tanzania nzima ilijikuta na swali zito: aliyezoeleka kutoa amri ndiye aliyefariki, sasa nani aseme? Usiku wa tarehe 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha Rais John Magufuli, siku 14 za maombolezo na bendera nusu mlingoti. Siku mbili baadaye aliapishwa kuwa Rais, na siku zikawa 21. Huko Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta naye aliagiza siku saba, bendera ya Kenya na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zishushwe. Kwa agizo hilo, pande zote mbili za mpaka zikawa katika msiba mmoja.

Desturi yenyewe ya kushusha bendera ni ya mabaharia. Habari ya zamani inayotajwa sana ni ya 1612, pale James Hall, kiongozi wa msafara wa Kiingereza, alipouawa Greenland na merikebu Heart's Ease ikashusha bendera kumlilia. Husemwa kuwa nafasi inayoachwa juu ni ya bendera ya mauti, isiyoonekana kwa macho. Si nchi zote zinazoifuata: Saudi Arabia haishushi bendera yake, kwani imebeba shahada ya Uislamu. Hata Mfalme Abdullah alipofariki Januari 2015, ilibaki juu.

Kwa watu wa Tarime na Serengeti, hakuna maombolezo yaliyogusa nyumbani kama ya Oktoba 1999. Mwalimu Julius Nyerere alifia London tarehe 14, Rais Benjamin Mkapa akatangaza siku 30, na tarehe 23 mwana huyo wa Mara akazikwa Butiama, jirani kabisa na Serengeti.

Lakini heshima hii si ya wakubwa peke yao, na ndivyo inavyostahili. MV Bukoba ilipozama Mei 1996, taifa liliomboleza siku tatu. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, Magufuli aliagiza siku nne na bendera nusu mlingoti. Waliokufa walikuwa abiria wa kawaida wa Ziwa Victoria, ziwa lilelile la watu wa Mara.

Utekelezaji una utaratibu wake, uwe ni kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya Mugumu au kituo cha polisi Nyamongo. Asubuhi bendera hupandishwa kwanza hadi kileleni, ndipo ishushwe nusu. Jioni hurudishwa kileleni kabla ya kuteremshwa na kukunjwa. Anayeipandisha moja kwa moja hadi katikati na kuiacha hapo amekosea.