Bepari na Mizani ya Pamba: Kutoka Musoma Hadi Bunda

Toka Musoma kwa barabara ya Mwanza, chepuka Makutano uingie Butiama, kisha rudi njia kuu mpaka Bunda. Njia hiyo fupi imebeba historia ya neno zito: bepari.

Asili yake ni Kigujarati, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara, basi. Tajiri nalo ni la Kiarabu, lenye maana hiyohiyo. Huko Unguja, katika karne ya 19, tajiri ndiye aliyemkopesha mwenye msafara nguo na shanga, akasubiri kulipwa kwa pembe za ndovu. Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi, alimkopesha hata mwenye misafara mashuhuri, Tippu Tip. Kwa kuwa mkopeshaji ndiye mwenye mali, tajiri likaja kumaanisha yeyote aliyejaliwa mali.

Bepari likapata sifa nyingine. Kanda ya Ziwa, mkulima aliuza pamba yake kwa wenye viwanda vya kuichambua, wengi wao Wahindi. Alivuna, akachagua pamba safi na kutenga fifi, yaani ile chafu, akajitwika mzigo hadi sokoni. Huko mizani ilikuwa ya mnunuzi, na macho yaliyoisoma yalikuwa ya mnunuzi. Malalamiko ya kupunjwa ndiyo yaliyowasukuma wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, kuunda vyama vyao. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions.

Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, ndiye aliyelipa neno hilo uzito wa kisiasa. Azimio la Arusha la 1967 lilimweka bepari kando ya kabaila, wote wawili wakiishi kwa jasho la wengine. Kiongozi akakatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Miaka miwili baadaye ikatoka tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice. Mwalimu hakuchagua mfanyabiashara wala tajiri. Aliiita *Mabepari wa Venisi*, tena kwa wingi, ilhali jina la asili linamtaja mtu mmoja.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti yale ya uongozi. Siku hizi mwenye mtaji huitwa mwekezaji, na bepari husikika zaidi darasani.

Bunda bado inalima pamba, na mkulima bado anafikisha mzigo wake kwenye mizani ya chama cha msingi. Hapo ndipo jina la mfanyabiashara linapopatikana. Biashara si dhambi, na mtaji si kosa. Kosa ni kumpunja aliyelima. Basi tusidanganywe na majina mapya. Anayepima kwa haki tumwite tajiri kwa heshima. Anayepunja, hata akija na suti na mkataba, ni bepari yuleyule aliyekataliwa na Mwalimu.