Rubani Wakati wa Dharura: Historia ya Uongozi Angani, kutoka Ziwa Victoria hadi Ngazija

Kabla ya kuwa mwendesha ndege, rubani alikuwa mtu wa majini. Katika pwani ya Waswahili neno hilo lenye asili ya Kiarabu lilimtaja mjuzi wa miamba na mikondo, yule aliyekiongoza chombo kuingia bandarini, ilhali amri juu ya chombo na mabaharia ilikuwa ya nahodha. Ndege ilizikutanisha kazi hizo mbili katika kiti kimoja: anayeijua njia ndiye huyo huyo mwenye kauli ya mwisho. Safari ikiwa shwari, uzito wa kukutanishwa huko hauonekani. Dharura ndiyo huufichua.

Nassa, iliyo katika wilaya ya Busega mkoani Simiyu, inatazama Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Victoria ulioingia bara kuelekea mashariki.  Ndege za abiria ziliufikia ukanda huu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Februari 28, 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua safari kutoka London kupitia Misri na Sudan, na kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Sehemu ya mwisho ya safari ilitumia ndege zinazotua majini, kwa hiyo ziwa lenyewe ndilo lililokuwa uwanja. Mwaka uliofuata njia hiyo ilisogezwa hadi Cape Town.

Marubani wa enzi hiyo hawakuwa na rada, na ziwa lina tabia yake. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu za pande zote na kukutana katikati ya maji, hewa hupanda, na mawingu ya radi hujengeka hadi asubuhi. Aliyekutana nayo aliamua peke yake. Mazingira hayo yalilea mila ya amri iliyorithiwa kutoka merikebuni pamoja na cheo cha kapteni: mkubwa huamua, mdogo hutii. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanza safari Januari 1946, lilikua ndani ya mila hiyo.

Aprili 18, 1972, ndege ya shirika hilo aina ya VC10 ilikuwa ikishika kasi ili iruke kutoka Addis Ababa. Tairi la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, likapasuka. Kapteni akaamua kusimamisha ndege. Lakini sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imefungwa vibaya wakati wa matengenezo, na ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Uamuzi wa sekunde chache ulitegemea kazi ya fundi ambaye hakuwapo, na jambo hilo linapaswa kukumbukwa kila lawama inaporundikwa juu ya mtu mmoja aliyeshika usukani.

Mila ya mkubwa kuamua peke yake ilitikiswa zaidi na ajali ya ndege mbili kugongana uwanjani Tenerife, Machi 27, 1977, iliyoua watu 583. Kapteni wa KLM, shirika la Uholanzi, mwenye heshima kubwa katika shirika lake, alianza kuruka bila idhini kamili. Mhandisi wake aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa bado njiani; swali likapuuzwa. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walianza kuandaa mafunzo ya kumfundisha kapteni kusikiliza na kumfundisha msaidizi kusema. Mwaka 1989 Kapteni Al Haynes, ambaye ndege yake ilipoteza uwezo wote wa kuongozwa kwa njia ya kawaida, aliwashirikisha wenzake pamoja na mwalimu wa marubani aliyekuwa abiria. Ndege ilivunjika ilipotua Sioux City, Marekani, ila watu 184 kati ya 296 waliokoka. Haynes alisema mara nyingi kwamba bila mafunzo hayo wasingefika hata hapo.

Afrika Mashariki ilipata mitihani ya namna nyingine. Februari 26, 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania, shirika lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa lile la pamoja, ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Abiria wa siku ile walitarajia kushuka pwani baada ya muda mfupi. Watekaji walitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Kapteni Deo Mazula aliipeleka ndege Nairobi, Jeddah, Athens, hatimaye Stansted nchini Uingereza, huku rubani wake msaidizi akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Ndege ndogo ya safari za ndani haiwezi kufika Ulaya bila kutua kujaza mafuta, na kila ilipotua muda uliongezeka na hasira ikapata nafasi ya kupoa. Watekaji walijisalimisha, na abiria wakatoka hai.

Suala hilo hilo la mafuta lilikuwa kiini cha msiba wa Novemba 23, 1996. Kapteni Leul Abate wa Ethiopian Airlines alikuwa akitoka Addis Ababa kwenda Nairobi na watu 175, wakiwamo vijana watatu walioiteka ndege na kumwamuru aende Australia. Aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wakakataa kuamini, kwa kuwa jarida la shirika lilisema ndege aina hiyo hupaa saa 11. Leul hakubishana hadi mwisho. Alifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini ili nchi kavu isimpotee. Walipoona ufuko na kumlazimisha aelekee mashariki, akaelekea Komoro bila kuwaambia. Injini zilipoanza kuzimika aliwatangazia abiria hali ilivyo. Alikusudia kutua uwanja wa Ngazija, kimojawapo cha visiwa hivyo, lakini purukushani na watekaji ikampotezea uwanja, akatua baharini karibu na ufuko wa Mitsamiouli, akijitahidi kuisawazisha ndege na mawimbi. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza, ndege ikakatika.

Waliokoka 50, miongoni mwao Leul na msaidizi wake. Abiria kadhaa walikuwa wamejaza upepo maboya yao wakiwa bado ndani, na maji yalipopanda wakabanwa darini. Onyo la kutofanya hivyo limepata uzito mpya tangu siku hiyo. Wenyeji na watalii waliokuwa ufukoni walifika kwa boti. Leul alikuwa amewahi kutekwa mara mbili kabla ya hapo, na ukubwa wa alichofanya upo katika uchache wa alichoachiwa: hakuwa na injini, wala utii wa watu waliosimama nyuma yake, ila aliujua ufuko ulipo, kama rubani wa kale.

Novemba 6, 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, unaopakana na maji. Ilibeba watu 43. 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Ndege ilipokuwa majini amri haikuwa tena kwa kapteni. Ilihamia kwa wahudumu na abiria waliokuwa karibu na milango ya nyuma, na kwa wavuvi waliofika kwa mitumbwi kabla ya vikosi vya uokoaji. Watu 24 walitolewa hai.