Kiti cha MCA kikibaki wazi, nani anakaa pale?

Wadau, kila MCA akifariki, akijiuzulu ama korti ikimtoa, naulizwa swali moja: si gavana atateua mtu? Hapana. Gavana hana mkono kwa hiyo kazi. Kwa nini watu wengi bado wanaamini hivyo? Nadhani ni kumbukumbu. Twende pole pole.

Mimi nilikulia Eastlands wakati Nairobi haikuwa na diwani hata mmoja. Mwaka wa 1983 serikali ilivunja baraza la jiji ikisema pesa zinatumiwa vibaya na huduma ni mbovu, ikaweka tume ya watu wa kuteuliwa. Ilikuwa iwe ya muda tu. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, mpaka uchaguzi wa Desemba 1992. Yaani karibu miaka kumi. Taka zilirundikana, mfereji ukikauka mzee wetu alikuwa akisema, "Nitamlilia nani?" Diwani wa zamani alikuwa anajulikana hata nyumba yake, unabisha hodi. Hawa wa kuteuliwa hatukujua wanakaa wapi.

Katiba ya 2010 ilikuja kufunga huo mlango. Sasa tuna kaunti 47 na wadi 1,450, na Kifungu cha 194 kinataja jinsi MCA anavyopoteza kiti: kifo, kujiuzulu kwa barua kwa spika, kuhama chama kilichompeleka bungeni, hata kukosa vikao vinane bila ruhusa ya spika kwa maandishi. (Ndio, vinane. Wengine wenu mtaanza kuhesabu leo.)

Kiti kikiwa wazi, spika wa bunge la kaunti ana siku 21 za kuarifu IEBC. Tume nayo inatangaza kwenye Gazeti rasmi la serikali, kisha wenye wadi wanapiga kura. Kwa MCA wa kuteuliwa hakuna kura: anaingia anayefuata kwa orodha ya chama iliyopelekwa IEBC, wa jinsia ile ile. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, wakiona mtu ameapishwa bila uchaguzi wanadhani gavana amemchagua.

Basi shida iko wapi? Sheria ilihesabu siku za spika, lakini haikujiuliza itakuwaje IEBC yenyewe ikiwa tupu.

Na ikawa tupu. Mapema 2023 makamishna wote walikuwa wametoka: wengine muda uliisha, wengine walijiuzulu, mmoja akaondolewa. Uteuzi wa wapya ukakwama kwa mabishano ya wanasiasa na kesi kortini, na wapya wakaapishwa Julai 2025. Spika angeandika barua, lakini ofisini hakukuwa na kamishna wa kuitisha uchaguzi. Banissa ilipoteza mbunge Machi 2023. Kwa kiti cha bunge Katiba inasema siku 90. Watu wa Banissa walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025, miaka miwili na miezi minane baadaye.

Siku hiyo hiyo zilipiga kura wadi kadhaa, kutoka Chewani kule Tana River mpaka Kariobangi North hapa Nairobi. Kariobangi! Wazee wa huko wameishi bila diwani mara mbili: mara ya kwanza kwa amri ya serikali, mara ya pili hakuna aliyeamuru. Mimi hii ya pili inaniuma zaidi, kwa sababu huna hata mtu wa kulaumu. Bajeti ya kaunti inapitishwa, barabara zinagawanywa, na wadi yako haina anayeinua mkono.

Kama wadi yenu ilikuwa kwa hiyo orodha, niambieni: mlipohitaji basari ama mfereji kutengenezwa, mlienda kwa nani?