Mtoto Anayeshindwa Kumeza: Matibabu ya Uvimbe Sugu wa Umio Unaotokana na Mzio

Mtoto anatafuna tonge la ugali muda mrefu. Kila anapomeza anataka maji, nyama anaikataa, na mara kwa mara anatapika. Miezi inapita na uzito hauongezeki. Nyumbani wengine watasema anadeka, wengine watashauri akakatwe kimeo. Makala hii inaeleza ugonjwa mmoja unaoweza kuleta hali hiyo, matibabu yake, na mahali pa kuanzia kwa mlezi aliyeko Magindu au kijiji kingine cha Kibaha na Kisarawe.

Ni ugonjwa gani?

Umio ni mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa baadhi ya watu, kinga ya mwili huchukulia chakula cha kawaida kama adui. Chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili hujikusanya kwenye ukuta wa umio na kuufanya uvimbe. Usipotibiwa kwa miaka, umio hukakamaa na njia ya chakula huwa nyembamba. Madaktari huuita esofagitisi ya eosinofili, na ulitambuliwa kama ugonjwa wa pekee katika miaka ya 1990. Hauambukizi. Huonekana zaidi kwa wenye pumu, ukurutu au mafua ya mzio.

Dalili hutegemea umri:
- Mtoto mchanga hukataa kunyonya au kula, hutapika na haongezeki uzito.
- Mtoto wa umri wa shule hulalamika tumbo au kifua na hula polepole kuliko wenzake.
- Kijana huhisi chakula kinakwama, hasa nyama na vyakula vikavu.

Si kimeo

Kimeo ni kiungo cha kawaida kilichoko nyuma ya kinywa. Kukikata hakutibu umio. Kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, ikiwemo virusi vya UKIMWI pale kifaa kinapotumika kwa zaidi ya mtoto mmoja. Tena tatizo lenyewe hubaki pale pale huku muda ukipotea.

Unathibitishwaje?

Kushindwa kumeza kuna sababu nyingi: kucheua tindikali, fangasi, sarafu au betri iliyomezwa, au kovu la soda kali ya kutengenezea sabuni. Kwa hiyo dalili peke yake hazitoshi. Kipimo cha damu nacho hakitoshi, kwa sababu eosinofili huongezeka pia kwa mtoto mwenye minyoo. Kinachothibitisha ni endoskopi: daktari hupitisha kamera nyembamba hadi kwenye umio na kuchukua vipande vidogo vya kupima maabara. Mtoto hupewa dawa ya usingizi ili asiumie.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, iko Kibaha. Wataalamu wa endoskopi wako Hospitali ya Taifa Muhimbili. Beba kadi ya kliniki, kwa kuwa mstari wa uzito humweleza daktari mengi. Kama gharama ni kikwazo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini.

Njia za matibabu

Dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazoli, hutuliza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, na hutumika kwa wiki kadhaa kabla ya kujua kama imesaidia. Usimwanzishie mwenyewe kutoka duka la dawa.

Steroidi za kumeza hutuliza ukuta wa umio wenyewe. Flutikasoni ni dawa ya pumu, lakini hapa hupulizwa mdomoni na kumezwa, haivutwi. Budesonidi huchanganywa iwe nzito kisha humezwa. Baada ya dawa, mtoto asukutue na kutema, na asile wala kunywa kwa nusu saa. Hii hupunguza fangasi mdomoni na kuipa dawa muda wa kukaa kwenye umio. Pampu ya salbutamoli haifanyi kazi hii.

Kuondoa chakula kinachochochea. Maziwa ya ng'ombe ndiyo huongoza, yakifuatwa na ngano, mayai na soya. Karanga na samaki pia huweza kuhusika. Kuchemsha maziwa au kuyagandisha mtindi hakuondoi protini inayoleta mzio, na maziwa ya mbuzi yanafanana mno na ya ng'ombe. Kumbuka unga wa lishe: ukichanganya mahindi, soya, karanga na ngano, ni vigumu kujua kipi kinamdhuru.

Hata hivyo, usiondoe vyakula kwa kubahatisha. Kwa familia ya wafugaji, maziwa ni sehemu kubwa ya mlo, na kuyatoa bila mpango huleta utapiamlo. Panga na daktari au afisa lishe nini kitaziba pengo: maharage, kunde, nyama laini, uji wa mtama, viazi vitamu. Tui la nazi si mbadala wa maziwa kwa mtoto mdogo. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Pia ipo sindano ya dupilumabu. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2022, lakini ni ghali sana. Njia ikishakuwa nyembamba, daktari huweza kuipanua wakati wa endoskopi.

Akipata nafuu, usiache

Ugonjwa huu hudhibitiwa. Dawa ikiachwa, mara nyingi hurudi. Pia dalili huweza kutoweka wakati uvimbe bado upo, ndiyo maana daktari huomba endoskopi ya kurudia baada ya miezi miwili au mitatu.

Nenda hospitali mara moja

Chakula kikikwama na mtoto akashindwa kumeza hata mate, akitapika damu, au ukishuku amemeza betri, usisubiri asubuhi. Usimpe tonge la ugali au ndizi ili kusukuma kilichokwama. Huongeza mzigo juu ya mzigo na huweza kuchana umio.