Mtangawanda: Hesabu Mbili za Mkulima na Mvuvi wa Pate

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika kisiwa cha Pate, mojawapo ya visiwa vya Lamu, kilimo na uvuvi havikuwa kazi za watu wa aina mbili, bali kazi mbili za nyumba moja; na kwamba ushahidi wa jambo hili umehifadhiwa katika msamiati.

Mtangawanda ni bandari ndogo iliyoko upande wa kusini-magharibi wa kisiwa hicho. Jina lenyewe ni la lahaja za kaskazini, ambamo mtanga ndio mchanga wa Kiunguja, kama vile ndia ilivyo njia na ndaa ilivyo njaa. Umuhimu wa mahali hapa umetokana na maji. Mlango wa mji wa Pate hukauka bahari inapokupwa; kwa hiyo vyombo vitokavyo Lamu hufunga Mtangawanda, na abiria huendelea kwa nchi kavu. Basi hata safari ya sokoni haina budi kusubiri maji.

Mvuvi wa Pate aliifuata hesabu ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa mbali. Huo ndio wakati wa uzio, kwani samaki waliopanda na maji huzuiliwa nyuma ya fito. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu, mkondo ukalegea, nao wakati huo huufaa mshipi. Lakini mwezi haumwambii mkulima lini apande. Yeye alihitaji hesabu ya jua, yaani ile ya Nairuzi, yenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Hesabu hiyo hiyo ilimjulisha nahodha majira ya kusi na kaskazi. Hivyo mtu mmoja alizishika hesabu mbili, na kila moja ilimtuma mahali pake.

Shamba nalo mara nyingi lilikuwa ng'ambo ya maji. Watu wa Pate na Siyu walilima bara, wakavuka na mazao kwa vyombo. Haifai kusahau kwamba katika karne ya 19 sehemu kubwa ya jasho hilo ilikuwa ya watumwa. Hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi ya bara yalipungukiwa na wafanyakazi. Kisha vita vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, viliwakimbiza wanavijiji wa bara wakahamia visiwani. Bahari ilibaki, konde zikaachwa nyuma.

Yaliyoipata lugha yanaonekana katika maneno mawili. Katika lahaja za kaskazini, mwaka ni jina la mvua kuu pia, zile ziitwazo masika kwingineko. Mwaka wa kalenda na mvua ya mkulima vimo katika neno moja. Mwongo nao, uliokuwa siku kumi za nahodha na mkulima, hutumiwa leo katika Kiswahili Sanifu kwa miaka kumi. Neno limeokoka, kazi yake imesahauliwa.

Ahmed Sheikh Nabhany alituonyesha njia. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, alikusanya msamiati wa chombo. Katika Umbuji wa Mnazi, mwaka 1985, akakusanya wa mti. Lililobaki kwetu ni kuviunganisha viwili hivyo. Mtafiti akiandika jina la mtego bila kuuliza hutegwa kwa maji gani, au jina la mbegu bila kuuliza hupandwa mwongo wa ngapi, atakuwa amepata neno na kupoteza elimu. Wanaozijua hesabu zote mbili ni wazee, na mshindani wetu katika kazi hii ni umri wao.