Mvua zinazobadilika Kamina: baraza la mji linaweza kufanya nini?

Huku kwetu Kamina mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Kisha ni kiangazi, vumbi, na moshi wa mioto ya porini. Utaratibu huo ndio uliowafundisha wazazi wetu siku ya kupanda mahindi. Leo mama anapanda baada ya mvua ya kwanza, mvua inapotea wiki tatu, mbegu inaungua udongoni, na anaanza kutafuta pesa ya mbegu ya pili. Halafu mvua inakuja yote kwa pamoja, na maji yanayoshuka barabarani yanachimba udongo mpaka kwenye misingi ya nyumba.

Watu wengi wakisikia maneno “mabadiliko ya hali ya hewa” wanafikiri ni habari ya mikutano ya mbali. Ni kweli kwamba gesi zilizochafua anga zilitoka zaidi kwenye viwanda na magari ya nchi tajiri. Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu, au chini yake, ya gesi hizo. Nchi yetu imo katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, na mwaka 2021 iliahidi kupunguza gesi zake kwa asilimia 21 hadi mwaka 2030, sehemu kubwa ya ahadi hiyo ikitegemea msaada wa nje. Hayo ni mema. Lakini mkutano wa Paris hautazibua mtaro wa Dimayi.

Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Una komuni tatu: Kamina, Dimayi na Sobongo. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa mji vyombo viwili: baraza la mji, ambalo linajadili na kuamua, na kamati ya utekelezaji inayoongozwa na meya. Kati ya mambo yaliyo mikononi mwao ni barabara za mji, mitaro ya maji ya mvua, masoko na usafi. Ukiitazama orodha hiyo vizuri, karibu yote ni kazi ya hali ya hewa, hata kama sheria haikuiita hivyo.

Kwa matendo mambo ni magumu zaidi. Tulikaa miaka mingi bila uchaguzi wa ngazi hii, na tarehe 20 Desemba 2023 madiwani wa komuni walipigiwa kura katika sehemu tu ya komuni za nchi. Pesa nazo ni hadithi nyingine. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa iwe ya majimbo, na sheria ya 2008 inaigawia miji, komuni, sekta na sheferi asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Kinachofika ni kidogo, tena huchelewa. Ndiyo maana hapa tunatanguliza kazi zinazohitaji majembe kabla ya zile zinazohitaji mamilioni.

Ya kwanza ni maji ya mvua. Mtaro unaosafishwa mwezi wa Novemba umesafishwa kwa kuchelewa. Kazi hiyo ni ya Agosti na Septemba, udongo ukiwa mkavu. Salongo tunaijua tangu zamani, na wengine wanaikumbuka kwa uchungu kwa sababu ilikuwa ya kulazimishwa. Hata hivyo salongo inayopangwa na shefu wa kartie pamoja na wenye nyumba, kila mtaa na mtaro wake, bado ni njia ya bei ndogo kuliko zote. Tahadhari moja: mtaro usiishie katikati ya mtelemko. Maji yaliyokusanywa vizuri halafu yakaachiliwa mahali pabaya ndiyo yanayozaa korongo. Lazima yafikishwe hadi bondeni, na kingo zishikwe kwa mianzi au majani ya vetiva, ambayo mizizi yake hushuka chini sana.

Maji mengine yanaweza kuzuiliwa kabla hayajafika barabarani. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kanisa lenye paa la mita za mraba 300, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linamwaga lita 6,000 uani kwa jirani. Baraza linaweza kuamua kwamba kila jengo kubwa, yaani shule, depo, ofisi na makanisa yetu pia, liwe na tanki au shimo la kunyonya maji. Sisi wenyewe hatujawa mfano mzuri katika jambo hili.

Ngumu zaidi ni viwanja. Mtu akiuziwa kiwanja penye njia ya maji, anajenga kwa akiba ya maisha yake yote, na siku ya kumhamisha hakuna anayetaka kuwa meya. Ni lazima kukataza kabla ya tofali la kwanza. Mwezi wa Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 Kinshasa. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe katika Kivu ya Kusini, zaidi ya 400 walikufa, hasa Bushushu na Nyamukubi. Kwetu mafuriko huleta jambo lingine tena: kipindupindu, ambacho hakitoki katika maeneo ya Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu. Choo kilichofurika na kisima kisichofunikwa ni hatari ile ile.

Halafu kuna makala. Hapa ndipo jiko la nyumbani linapokutana na anga la dunia, kwa maana gesi nyingi za Kongo zinatokana na misitu inayokatwa. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Kuni zikikaushwa na tanuri likipangwa vizuri, zinaweza kufika 25. Kupiga marufuku makala hakutafaa: magunia yatapita usiku, na kijana anayebeba magunia manne juu ya baiskeli atakuwa mwizi kwa kutafuta chakula. Afadhali sehemu ya kodi ya magunia irudi kwenye miti.

Mfano tunao nchini. Huko Mampu, katika uwanda wa Bateke, hekta 8,000 hivi za miti ya akasia zilipandwa na kugawiwa familia, kila moja hekta 25 hivi. Familia inakata sehemu, inachoma makala, inalima mihogo na mahindi mahali pale, kisha akasia inaota tena. Kwetu tuna heri nyingine: miti mingi ya msitu wa miombo huchipuka kwenye visiki vyake. Inachohitaji ni miaka na kulindwa dhidi ya moto wa Septemba, ambao ni mkali kuliko ule wa Mei au Juni. Basi mji, pamoja na machifu wa pembeni, waweza kukubaliana juu ya tarehe ya kuchoma majani mapema. Msitu ukirudi, na viwavi na uyoga hurudi sokoni.

Kupanda miti mjini kunapendwa na wakubwa, kwa sababu kunapigwa picha. Mche uliopandwa sikukuu na kuachwa kwa mbuzi haufiki kiangazi cha pili. Freetown, nchini Sierra Leone, mahali ambapo maporomoko ya Agosti 2017 yaliacha watu zaidi ya 1,000 wakiwa wamekufa au kupotea, baraza la mji lilianza mwaka 2020 kuwalipa wakaaji kwa kutunza na kuhesabu miti iliyo hai. Wanalipwa kwa mti unaoishi. Kwetu malipo yanaweza kuwa madogo, hata kupunguziwa ushuru wa meza sokoni.

Kabla ya mhandisi kuitwa, komuni inaweza kuanza na daftari. Katika kila kartie kuna wazee wanaokumbuka maji yalipita wapi kabla nyumba hazijajengwa. Waketi na shefu, na diwani mahali alipo, watembee pamoja, njia hizo zichorwe, na karatasi ibandikwe mlangoni pa ofisi ili mnunuzi wa kiwanja aione kabla ya kutoa pesa.