Mgongo wa Simba

Simba ni jina kubwa kwa mbwa mwenye miguu mifupi kama ya kigoda. Shangazi aliachiwa na mwajiri wake wa Nairobi aliyerudi Ulaya, akamleta Sondu kwa matatu. Watoto wa sokoni walicheka hadi basi.

Ni dachshund, mbwa waliokuzwa Ujerumani waingie mashimoni kuwinda. Ufupi ule una bei. Mwaka 2017, watafiti wa California walionyesha kwamba nakala ya ziada ya jeni FGF4 hufupisha miguu na pia huzeesha mapema diski, zile pedi laini kati ya pingili za mgongo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeandikwa tangu 1896, na Dexler, aliyedhani ni gegedu limeota. Mwaka 1952 ndipo Mswidi Hans-Jörgen Hansen alipotenganisha diski inayopasuka ghafla na ile inayovimba polepole.

Huku kwetu mbwa aliingia vitabuni kwa mlango mwingine: 1912, karibu na Nairobi, kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kilithibitishwa. Hadi leo mtu wa mifugo akipita, anaulizia chanjo. Mgongo? Nani aulize.

Simba alipopooza miguu ya nyuma, alipasuliwa Nairobi, akarudishwa. Siku ya tatu nikakuta godoro limelowa, nikampigia Shangazi kwa furaha: anakojoa mwenyewe!

Wapi. Kibofu kilikuwa kimejaa hadi kinamwagika, kama mtungi uliosahauliwa chini ya mfereji. Neva zikilala, daktari alinieleza kwa simu, mkojo hubaki na bakteria hupata makao. Lazima uminye kwa mkono, mara kadhaa kwa siku. Akataja na baya zaidi, mayelomalesia: uti wenyewe kulainika, ganzi ikipanda mbele hadi misuli ya kupumua. Basi kila asubuhi nilifinya ngozi iliyonyolewa, pale anaposhtuka nikachora mstari kwa kalamu.

Dani, aliyezoea mbwa wa kulinda boma, alinitazama na beseni langu.

"Nyathina, hata mtoto wako utamfanyia hivi?"

Kesho yake alileta maji ya moto bila kuombwa.

Mstari haukupanda. Wiki ya sita Simba alisimama, akaanguka, akasimama tena, macho kwa kuku wa Dani. Sasa anatembea kama mlevi, sehemu ya nyuma ikifuata njia yake yenyewe.